Mbwa wa Lindo na Baridi ya Kipupwe

Mtu akisikia habari za kumtunza mbwa wakati wa baridi, mara moja hufikiria Ulaya: theluji, mbwa mwenye manyoya marefu kama kondoo, na bibi mmoja anayemvisha koti. Huona kwamba mambo hayo hayamhusu mfanyakazi wa kiwanda huko Kanengo wala mchuma chai wa Thyolo. Sisi tunasema yanamhusu. Katika Malawi mbwa anafanya kazi, na kazi yake kubwa huifanya usiku, katika miezi ambayo usiku una baridi kuliko miezi mingine yote ya mwaka. Mbwa akichechemea, korokoroni amebaki peke yake getini na rungu lake. Tena ugonjwa ulioanza katika unyayo wa mbwa hauishii kwa mbwa. Huingia ndani ya nyumba na kushika vidole vya watoto. Hayo mawili ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Tuanze na mahali penyewe. Area 47 ya Lilongwe ni mtaa wa nyumba zenye kuta, mageti na taa za ukutani. Kutwa nzima mbwa wamelala kivulini. Likizama jua hufunguliwa minyororo, na lindo linaanza. Ukienda Dzaleka, katika wilaya ya Dowa kaskazini ya Lilongwe, mambo ni tofauti. Pale palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Dkt. Hastings Kamuzu Banda, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Yalipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo watu wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Nyumba zimebanana, ua wa mmoja ni njia ya mwingine, na mbwa mmoja hulinda milango minne mitano pamoja na kibanda cha biashara. Mbwa wa Area 47 ana bwana na geti, wa Dzaleka ana majirani. Lakini baridi yao ni moja na vumbi lao ni moja.

BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI

Kipupwe cha Malawi huanza Mei na kwisha Agosti. Lilongwe iko juu ya uwanda, mita zaidi ya 1,000 kutoka usawa wa bahari, na katika Juni na Julai joto la usiku hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Kule kusini, Thyolo na Mulanje, huja ule upepo wenye manyunyu uitwao chiperoni, uliopewa jina la mlima Chiperone ulio ng'ambo ya mpaka, Msumbiji. Chiperoni ukishika, siku mbili tatu hakuna kinachokauka, si nguo ya mchuma chai wala mgongo wa mbwa wake.

Lakini katika Lilongwe na Dowa shida kubwa ya kipupwe si maji, ni ukavu. Mvua zimekwisha Aprili, ardhi imepasuka, barabara za ndani zimekuwa unga mwekundu. Usiku baridi, mchana jua kali, na kila kitu chenye ngozi kinachanika, kuanzia midomo ya watu na visigino vyao hadi nyayo za mbwa. Kwa hiyo anayetaka kumtunza mbwa wake katika msimu huu inampasa kukabili maadui watatu kwa pamoja: baridi ya usiku, ukavu wa mchana, na wadudu wanaopenda vumbi. Huyo wa tatu ndiye mbaya zaidi, nasi tutakaa naye kwa kirefu huko mbele.

MANYOYA HUFANYA KAZI GANI

Manyoya yenyewe hayana moto ndani yake. Kazi yake ni kushika hewa. Hewa iliyonaswa baina ya nywele hupata joto la mwili na kukaa pale kama blanketi. Mbwa wa nchi za baridi ana matabaka mawili, nywele ndefu za nje zinazozuia maji, na chini yake malaika mengi laini yanayoshika hewa. Mbwa wetu wengi, hawa tunaowaita mbwa koko, wana manyoya mafupi na malaika machache. Waliumbika kwa ajili ya jua. Kwa hiyo ule msemo wa wenye nyumba kwamba "mbwa hasikii baridi, ana manyoya" haumfai mbwa wa Lilongwe. Anasikia baridi sana, hasa mtoto, mzee, mgonjwa, na yule aliyekonda mbavu zikahesabika.

Manyoya yakilowa, ile hewa hufukuzwa na maji na blanketi limekwisha. Yakishikamana kwa uchafu, mafuta na matope, ni vile vile. Ndiyo sababu kumsugua mbwa vumbi kila siku mbili tatu kwa brashi kuukuu, au hata kwa gunzi la mahindi, si anasa. Unamrudishia blanketi lake. Na hapo hapo mkono wako unapata habari: hapa pana kupe, hapa pana kidonda, hapa manyoya yametoka na ngozi imekuwa ngumu kama ya tembo. Hilo la mwisho, likianza katika ncha za masikio na viwiko na mbwa akajikuna usiku kucha, huenda ni ukurutu. Ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaochimba ngozi, na huweza kumwasha hata mtu anayemshika. Huo ni wa bwana mifugo, si wa kujaribu jaribu.

Adui mwingine wa manyoya ni sakafu. Mbwa anayelala juu ya saruji tupu hunyonywa joto usiku mzima na saruji ile, na baada ya miezi viwiko vyake huota magamba na vidonda. Dawa yake ni mbao. Chukua mbao za kreti lililovunjika, ziinue kutoka chini kwa matofali mawili, tandika gunia lililojazwa nyasi kavu au maganda ya mahindi, na uliweke pembeni ambapo upepo wa kusini-mashariki haupigi. Gunia lianikwe juani kila wiki na nyasi zibadilishwe, kwani kitanda kisichoanikwa ni kiwanda cha viroboto. Kibanda kisiwe kikubwa. Mbwa hupasha kibanda chake kwa mwili wake mwenyewe, na kikiwa kama ghala atashindwa.

Chakula nacho ni manyoya. Mwili unaopigana na baridi hutumia zaidi, na manyoya mazuri hayatoki katika nsima tupu yenye maji. Vichwa vya usipa, mifupa laini ya samaki iliyopondwa, matumbo ya kuku yaliyochemshwa, kijiko cha mafuta ya kupikia: hivyo ndivyo huleta mng'aro mgongoni, na bei yake si kubwa. Ongeza kidogo kipimo cha jioni kabla ya lindo. Na maji yawepo hata kama ni baridi, kwa sababu hewa kavu hukausha mwili bila mbwa kuonekana ana kiu.

KUOGESHA, NA DAWA ZINAZOUA

Katika kipupwe mbwa asiogeshwe mara kwa mara. Sabuni huondoa mafuta ya ngozi, na ngozi kavu ikiongezwa ukavu huwasha na kumenyuka. Mara moja kwa mwezi inatosha, au pale ambapo kweli amechafuka. Aogeshwe saa tano au sita ya mchana, jua likiwa kali, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande isiyo kali, kisha asuuzwe mpaka sabuni yote itoke, akaushwe kwa gunia, naye abaki juani hadi akauke kabisa, hasa baina ya vidole na ndani ya masikio. Kumwogesha mbwa saa kumi na mbili jioni ili mwenye nyumba amkute msafi ni kumtesa, wala korokoroni asikubali kutumwa kazi hiyo saa hiyo.

Sasa tuseme jambo ambalo tumeliona katika mashamba na mitaa mingi, nalo linatuudhi. Mbwa akipata kupe au ukurutu, watu humpaka oili chafu ya gari. Wengine humpaka mafuta taa. Wengine huchovya majani ya tumbaku katika maji na kumwogesha kwayo. Na wengine, hawa ndio wabaya zaidi, huchota dawa ya kunyunyizia pamba au tumbaku kutoka ghala la shamba na kummwagia mgongoni.

Wenzetu wa mashamba ya tumbaku hawahitaji kufundishwa somo hili. Kila aliyevuna majani mabichi yenye umande anajua kile kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika kunakompata mtu jioni. Ile ni nikotini iliyopenya katika ngozi ya mikono. Sasa fikiria mbwa wa kilo kumi na tano aliyelowekwa mwili mzima, ambaye isitoshe hujilamba. Dawa za kunyunyizia mimea nazo nyingi huingia kwa njia hiyo hiyo: mbwa hutoa mate mengi, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, pumzi inashindwa. Oili chafu ina madini na sumu zilizobaki kutoka ndani ya injini, huziba ngozi na kuichoma, na ikilambwa huharibu ndani. Zaidi ya hayo hugandisha manyoya, kwa hiyo katika Juni umemvua mbwa blanketi kwa mkono wako mwenyewe.

Akishapakwa vitu hivyo kwa ujinga wa mtu, aoshwe upesi kwa sabuni na maji mengi ya vuguvugu, aliyemwosha avae glovu, naye apelekwe kwa daktari wa mifugo. Dawa ya josho la ng'ombe nayo isichotwe kwa kukisia: kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa. Ikiwa bwana mifugo ameishauri, apime yeye.

Kupe watolewe kwa kibano au kwa kucha zilizofunikwa kitambaa, washikwe karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole bila kupinda, kisha watiwe katika kopo la mafuta taa. Kwa kupe mafuta taa yanafaa. Na tukumbuke kwamba yule kupe wa mbwa, wa rangi ya kahawia, hujificha katika nyufa za ukuta na za kibanda. Usiposafisha nyufa na kuzisiriba, utatoa kupe hadi mkono uchoke.

NYAYO

Unyayo wa mbwa una vile vivimbe vyeusi vya ngozi nene, na chini ya ngozi ile kuna mafuta yanayopunguza mshindo wa kukimbia. Ngozi ni ngumu, lakini haina uwezo wa kiatu. Mbwa wa lindo anayezunguka nyumba usiku kucha juu ya kokoto na saruji huisugua mpaka inakuwa laini kama karatasi, kisha inapasuka. Katika mashamba, kipupwe kina hatari zake. Mahindi yamevunwa, na yale mabua yaliyokatwa kwa jembe yamebaki ardhini yamechongoka kama mikuki. Huu ndio msimu wa kuwinda panya wa mashamba, wale ambao huuzwa wamebanikwa kwenye vijiti kando ya barabara kuu, na mbwa hupelekwa mbio juu ya mabua hayo na juu ya nyasi zilizochomwa moto jana, chini yake makaa yangali mekundu. Mbwa hurudi na furaha yake, kesho yake haamki. Katika mashamba ya miwa ya Nchalo na Dwangwa, ambako miwa huchomwa kabla ya kukatwa, mbwa afungwe mpaka majivu yapoe. Hakuna namna nyingine.

Kila asubuhi baada ya lindo, kabla mbwa hajalala, zikaguliwe nyayo zote nne. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Inua mguu, panua vidole, tazama baina yake, maana humo ndimo hukaa kokoto, miiba, mbegu za nyasi zenye ncha, na chembe za chupa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na ukaushe. Ukikuta mpasuko, tengeneza maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofurika. Safisha kwa hayo mara mbili kwa siku. Mpasuko mdogo ukishakauka upakwe mafuta ya mgando, yale ya kopo tunayowapaka watoto, au mafuta ya nazi, kidogo tu, kisha mbwa ashughulishwe na chakula kwa dakika kumi asije akalamba yote. Usipake kila siku bila sababu, kwa kuwa unyayo uliolainishwa mno huchanika upesi zaidi. Kwa jeraha lenye damu, funga kitambaa safi na soksi kuukuu juu yake, usikaze, na ukivue kila siku. Soksi iliyolowa na kusahaulika huozesha mguu.

Kucha za mbwa anayekimbia juu ya saruji hujisaga zenyewe. Ile ya pembeni ya mguu wa mbele, isiyogusa chini, haijisagi. Huzunguka kama pembe ya kondoo na kuingia katika nyama. Itazameni hiyo. Ikatwe ncha tu, kwani ndani yake mna mshipa.

Kuna wasomaji wetu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na wengine hawapendi tu kumshika. Jozi ya glovu za mpira, au mfuko wa nailoni mkononi, unatosha kwa kazi yote tuliyoieleza.

FUNZA

Sasa tumfikie adui mkubwa. Waswahili humwita funza au tekenya, Wachewa matekenya, Warundi imvunja. Ni kiroboto mdogo kuliko viroboto wote, hafikii milimita moja na nusu. Asili yake si huku kwetu. Alitoka Amerika ya Kusini, na mwaka 1872 meli moja iliyotoka Brazili ilimshusha Angola pamoja na mchanga iliouchukua kwa ajili ya kujipa uzito. Kutoka pwani ile alipita katika nyayo za wapagazi, askari na wafanyabiashara, akavuka Kongo yote, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika pwani ya mashariki na Zanzibar. Kwa hiyo funza alisambaa Afrika kwa miguu ya watu wa kazi. Mtu akikuambia kwamba ni laana ya ukoo fulani, mwambie alikuja kwa meli.

Jike lake huingia katika ngozi, hubakiza nje tundu dogo la kupumulia na kutagia, naye hunenepa mpaka anakuwa kama punje ya njegere. Kwa wiki nne hadi sita hutaga mamia ya mayai, kisha hufa humo humo. Mayai huanguka katika vumbi. Baada ya siku chache hutoka viluwiluwi, hukua katika udongo mkavu wenye mchanga, na wiki tatu nne baadaye funza wapya wako tayari. Haruki juu, kwa hiyo hushambulia miguu. Sasa ndugu msomaji ataona kwa nini kipupwe cha Lilongwe na Dzaleka ni sikukuu yake: hakuna mvua ya kulowesha udongo, vumbi limetimia, sakafu nyingi ni za udongo, na mbwa analala humo humo wanamocheza watoto.

Mbwa mwenye funza hulamba na kutafuna nyayo zake, hutembea kama anayekanyaga misumari, hukataa kuzunguka geti. Ukitazama baina ya vidole na kandokando ya kucha utaona vivimbe vyeupe vyenye doa jeusi katikati. Mbwa mmoja huweza kubeba makumi, na kila mmoja anamwaga mayai njiani. Hapo ndipo tunapopingana na wale wanaotibu watoto na kumwacha mbwa. Utamtoa mtoto funza Jumatatu, Alhamisi ameota wengine, kwa sababu ghala liko nje mlangoni, linabweka.

Kuchimbua kwa pini, kama tulivyozoea, kuna hatari zake. Pini moja ikipita kutoka mtu hadi mtu hubeba magonjwa ya damu, na kidonda kilichochimbwa kwa uchafu ni mlango wa pepopunda. Akipasuka ndani, hubaki uchafu unaooza. Kwa watu, watafiti waliofanya kazi nchini Kenya wameonyesha kwamba mafuta ya dimetikoni, ambayo hayana sumu bali humziba funza tundu lake la pumzi, hufanya kazi vizuri bila kuchimba chochote. Kwa mbwa, muone bwana mifugo akupe dawa ya kutonesha mgongoni au ya kunyunyizia inayoua viroboto. Wakati unasubiri, osha nyayo kwa sabuni kila siku, zikaushe, na umtoe mbwa katika vumbi. Lakini tahadhari: baadhi ya dawa hizo za mbwa, hasa zenye pemetrini, humuua paka. Mwenye paka na mbwa wanaolala pamoja aseme mapema.

Hata hivyo dawa peke yake haishindi. Udongo ndio shamba la funza, na shamba ndilo la kuharibiwa. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku, vumbi litupwe mbali au kuchomwa. Nyufa zisiribwe. Mahali anapolala mbwa pahamishwe juu ya zile mbao tulizozitaja. Penye uwezo wa saruji, hata mita mbili mbele ya mlango, hapo saruji ni dawa. Katika Dzaleka, ambako nyumba zimeshikana, familia moja ikifanya peke yake imepoteza maji yake bure. Yafaa safu nzima ya nyumba ikubaliane siku moja, mbwa wote na nguruwe wote wakatibiwa pamoja, nguruwe akiwa ghala la funza kuliko hata mbwa.

JIKO LA MKAA, NA MENO

Kuna mambo mawili ya usalama. La kwanza ni mbaula. Usiku wa Juni korokoroni huwasha jiko lake la mkaa, na baridi ikizidi huliingiza ndani ya kibanda, hufunga mlango, na mbwa hujikunyata miguuni pake. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu husinzia na haamki, na mbwa wake vile vile. Jiko likae nje au mlango ubaki wazi. Mbwa asilazwe karibu mno na jiko, maana manyoya yaliyochomeka ncha hayashiki joto, na cheche huangukia nyayo. Mbwa aliyekuwa akitetemeka kisha akaacha, akalegea na kuwa baridi masikioni, hajapata nafuu: amezidiwa. Afunikwe gunia kavu, akumbatiwe, apewe joto polepole.

La pili ni kichaa cha mbwa. Anayeshika nyayo za mbwa mwenye maumivu huweza kuumwa hata na mbwa wake mwenyewe, basi afungwe mdomo kwa utepe wa kitambaa kwa dakika chache, usimzuie kupumua. Kama mbwa hakuchanjwa, kila jino ni hatari. Duniani watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na ukishaonyesha dalili hauna tiba. Mbwa anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza, anayetangatanga na kuuma ovyo, asiguswe kabisa, hata kama unadhani ana mfupa kooni. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Blantyre, tangu mwaka 2015, shirika la Mission Rabies limekuwa likichanja mbwa kwa maelfu likilenga asilimia 70 ya mbwa wote, kwa kuwa wakifikia hapo ugonjwa hukosa njia. Lilongwe kuna Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama, LSPCA, pamoja na ofisi za mifugo za serikali. Ulizeni siku ya chanjo, na mbwa apelekwe na kamba.

WALIO UGHAIBUNI

Familia nyingi zilizopita Dzaleka sasa ziko Marekani, Kanada na kwingineko, na vijana wao wanafanya kazi viwandani. Huko wamo wanaofuga mbwa, nao hutaka kujua. Kwao adui si funza, ni chumvi. Barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, nayo huingia katika nyufa za unyayo, huchoma, na mbwa akiilamba huumwa tumbo. Nyayo zioshwe kwa maji ya uvuguvugu kila akitoka nje, na nywele ndefu baina ya vidole zipunguzwe, kwani theluji hugandamana humo ikawa mawe. Yale maji ya rangi yanayotiwa katika rejeta za magari yasigande ni matamu, na kiasi kidogo tu huua figo za mbwa. Yakimwagika yafutwe mara moja.

NANI ALIPE

Tukirudi Area 47, na mageti mengine yote ya viwanda, maghala na mashamba. Mbwa wa nyumbani ni jukumu la mwenye nyumba. Mbwa wa kampuni ya ulinzi ni chombo cha kazi kama tochi na rungu, na mwajiri ndiye mwenye chombo. Lakini mara ngapi tumeona korokoroni akinunua chumvi, mafuta na usipa wa mbwa wa kampuni kutoka katika mshahara wake mwenyewe, kwa sababu anajua mbwa akilala yeye ndiye atakayekutana na mwizi? Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997 inamtaka mwajiri alinde usalama wa anayemwajiri. Na Malawi ina sheria ya kuwalinda wanyama iliyobaki tangu enzi za ukoloni, ambayo kwayo kumtesa mnyama ni kosa.

Kwa hiyo katika mikutano ya matawi ya mwezi Aprili, kabla kipupwe hakijashika, walinzi na waweke katika madai yao, pamoja na koti na viatu vya mlinzi mwenyewe, mambo haya: jukwaa la mbao na magunia mawili kwa kila mbwa, dawa ya viroboto kwa msimu mzima, chanjo ya kila mwaka iliyoandikwa katika kadi inayobaki lindoni, na ruhusa ya mbwa mwenye kidonda cha unyayo kupumzishwa bila mlinzi kukatwa siku. Kadi hiyo iandikwe kwa jina la mbwa na namba ya lindo, ili zamu ikibadilishwa mlinzi mpya ajue alichokikuta.